WireGuard kwa kuunganisha ofisi mbili: mapitio ya mtu anayeishi nayo

Naanza na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke nalo. Kama una ofisi mbili, kila moja na intaneti yake, na unataka kompyuta za huku zione seva na printa za kule bila mtu wa njiani kusoma chochote, basi WireGuard, programu ya VPN (inayopitisha mawasiliano yenu kwenye intaneti yakiwa yamefungwa kwa siri), ndo kitu cha kwanza kujaribu na kwa wengi itakuwa ndo cha mwisho. Nimekaa na IPsec muda mrefu, nimekaa na OpenVPN, ambazo nazo ni njia za VPN, na hii nayo inabeba kazi za watu ambao mtandao ukikatika simu zao zinaanza kuingia dakika hiyohiyo, kwa hiyo siongelei kitu nilichokijaribu mezani tu. Ila kuna mambo haikwambii, na mengi yanayowakwamisha watu wala hayahusiani na usimbaji (kufunga data kwa siri), ni mambo ya anwani na njia za paketi, ndo maana hapa chini nitakaa nayo sana.

Kwanza niseme hili maana bado nakutana nalo. Kuna ofisi zimefungua poti (mlango wa huduma) kwenye rauta, 3389 ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali au 445 ya mafaili, imeelekezwa moja kwa moja kwenye seva ya ndani na wenyewe wanaona sawa tu kwa sababu kuna pasiwedi. Jamani hapana. Kuna programu zinazunguka intaneti nzima usiku na mchana zinagonga kila anwani kutafuta poti kama hizo, na ile WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kwa kupitia hiyohiyo 445, pasiwedi haikuulizwa na mtu. Mawasiliano ya ofisi na ofisi yapite ndani ya tuneli (njia iliyosimbwa kati ya ofisi mbili), na mtu wa nje akigonga asijibiwe kitu.

Na hapo ndo sifa ya kwanza ya WireGuard ninayoipenda kwelikweli: haijibu. Inasikiliza kwenye poti moja ya UDP (njia ya kutuma paketi bila kusubiri uthibitisho), kwa kawaida wengi wanatumia 51820, na paketi isiyotoka kwa mtu mwenye ufunguo inaoutambua inatupwa kimyakimya, hakuna ujumbe wa kukataa wala ukurasa wa kuingia wala jina la toleo. Anayechunguza poti kutoka nje haoni tofauti kati ya poti yako na poti ambayo faiwoli imeizima.

Iliandikwa na Jason Donenfeld, na ikaingia rasmi ndani ya keneli (kiini cha mfumo) ya Linux kuanzia toleo 5.6 la Machi 2020, kwa hiyo kwenye Linux ya sasa hauongezi moduli yoyote, unaweka zile zana zake ndogo za kuamrisha tu. Kodi yake kwenye keneli ilikuwa kama mistari 4,000 wakati inaingia, yaani mtu mmoja mwenye ujuzi anaweza kukaa nayo akaisoma yote mwanzo mwisho, jambo ambalo kwa IPsec au OpenVPN pamoja na maktaba zake za usimbaji sahau. Mwaka 2018 Linus Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, ambaye si mtu wa kusifia ovyo, aliisoma juujuu akasema ukilinganisha na hizo mbili hii ni kazi ya sanaa. Mi naona alikuwa sahihi.

Ukiwahi kuunganisha IPsec kati ya rauta za watengenezaji wawili tofauti unajua nachosema. IKEv1 au IKEv2 (matoleo ya itifaki ya kukubaliana funguo), awamu ya kwanza AES (njia ya kusimba) ya ukubwa gani, hashi (alama ya kuhakiki data) ipi, kundi lipi la Diffie-Hellman (njia ya kubadilishana funguo), muda wa kuisha sekunde ngapi, halafu awamu ya pili maswali yaleyale tena, huyu anaita kitu hiki jina moja yule anakiita lingine, na kimoja tu kikipishana logi inakuandikia NO_PROPOSAL_CHOSEN (hakuna pendekezo lililokubalika) basi, kazi kwako. WireGuard hakuna cha kuchagua. Kubadilishana funguo ni Curve25519, kusimba ni ChaCha20 pamoja na Poly1305, hashi ni BLAKE2s, mwisho. Hakuna majadiliano kati ya pande mbili kwa hiyo hakuna mjanja wa katikati wa kuwashusha mpaka kwenye usimbaji dhaifu. Gharama yake ni kwamba siku moja ya hizo ikivunjika, dunia nzima itabidi ihamie toleo jipya, huwezi kubadili neno moja kwenye mipangilio ukaendelea. Mimi hilo nalikubali bila shida, maana kwenye hizi kazi makosa ya mipangilio nimeyaona mengi na hesabu iliyovunjika sijawahi kuiona.

Sasa ikoje ukiifungua. Tuchukue ofisi A yenye mtandao 10.10.1.0/24 (anwani zote zinazoanzia 10.10.1) na ofisi B yenye 10.10.2.0/24. Kila upande unatengeneza jozi ya funguo kwa `wg genkey` na `wg pubkey`, ufunguo wa siri unabaki palepale ulipozaliwa, ule wa wazi unampa mwenzako, hata ukimsomea kwenye simu hakuna siri iliyovuja ila ni herufi 44 kwa hiyo bora umtumie. Faili la ofisi A zima ni hili:

[Interface]
Address = 10.255.0.1/30
PrivateKey = ufunguo wa siri wa A
ListenPort = 51820

[Peer]
PublicKey = ufunguo wa wazi wa B
Endpoint = 203.0.113.20:51820
AllowedIPs = 10.255.0.2/32, 10.10.2.0/24
PersistentKeepalive = 25

Ndo hivyo tu, na la B ni hilohilo likiwa limegeuzwa. Unawasha kwa `wg-quick up wg0`, unaruhusu kompyuta hiyo kupitisha paketi za wengine (ip_forward iwe 1, hii watu wanaisahau sana), unafungua ile poti ya UDP kwenye faiwoli na tuneli inasimama. Inasimama haraka mno kiasi kwamba mtu aliyezoea IPsec anadhani kuna hatua kairuka.

Mstari wa AllowedIPs ndo moyo wa hii kitu na ndo unaoeleweka vibaya kuliko yote. Unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Paketi ikitoka, WireGuard inaangalia inakoenda, ikiona 10.10.2 kitu inajua hii ni ya B, inaisimba kwa ufunguo wa B. Paketi ikiingia, ikishafumbuliwa inaangaliwa anwani iliyotoka, kama si mojawapo ya zile ulizomruhusu B inatupwa hata kama usimbaji wake ni halali kabisa. Kwa hiyo B hawezi kujifanya ni kompyuta ya mtandao mwingine. Ukiweka 0.0.0.0/0 hapo kwa kudhani ni "ruhusu vyote", unakuwa umeiambia `wg-quick` intaneti yote ya upande huo ipitie kwa mwenzako, na hapo watu wanaanza kulalamika intaneti imekuwa nzito na hakuna anayejua kwa nini.

Haya tuje kwenye yanayouma.

Kubwa kabisa ni ofisi zote mbili kuwa na 192.168.1.0/24. Rauta nyingi zinatoka kiwandani na sabneti (kundi la anwani) hiyo au 192.168.0.0/24, kwa hiyo uwezekano wa kugongana ni mkubwa, na zikigongana hakuna VPN yoyote duniani itakayokuokoa kirahisi kwa sababu kompyuta ya A ikitafuta 192.168.1.50 inajua huyo ni jirani yake wa humuhumu, paketi haifiki hata kwenye rauta. Kuna ujanja wa kubadilisha anwani njiani kwa NAT, unafanya kazi, lakini utaishi nao kila siku na kila anayekuja kurekebisha kitu itabidi umweleze upya. Ushauri wangu badilisha sabneti ya ofisi moja, chagua siku watu hawapo, weka kitu kisicho cha kawaida ndani ya 10.0.0.0/8 na printa zote zipate anwani mpya siku hiyohiyo. Inachosha mara moja halafu imeisha. Na mwenye ofisi moja tu leo ambaye anafikiria kufungua ya pili, afadhali abadilishe sasa hivi wakati kompyuta bado chache.

La pili ni njia ya kurudi. Wengi hawaweki WireGuard kwenye rauta kuu, wanaiweka kwenye kiboksi pembeni au seva iliyokuwepo, na hiyo ni sawa kabisa. Ila kompyuta za ofisi zinajua lango moja tu, ile rauta kuu, na rauta kuu haijui 10.10.2.0/24 iko wapi kwa hiyo inaitupa huko intaneti na inapotea. Dalili yake ni kwamba kiboksi kwa kiboksi ping (jaribio la kuona kama mwenzako anajibu) inajibiwa vizuri lakini kompyuta kwa kompyuta kimya. Dawa ni mstari mmoja wa njia kwenye rauta kuu kila upande, kwamba mtandao wa kule unapatikana kupitia kiboksi hiki. Ukiona mtu anaanza kubadilisha funguo kwa sababu ya tatizo hili mzuie, funguo zikishakubali zimekubali, angalia `wg show`, ukiona `latest handshake` (salamu ya mwisho) ni ya sekunde au dakika moja na kidogo iliyopita na bado kompyuta hazionani basi shida iko kwenye njia au faiwoli, si kwenye tuneli.

La tatu MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi, na hili ndo linalopoteza muda wa watu wenye akili zao. Ping inaenda, ukurasa mwepesi wa ndani unafunguka, ukivuta faili kubwa au ukifungua mfumo wenye picha inaganda. WireGuard inaongeza baiti 60 juu ya kila paketi ukipita IPv4 na 80 ukipita IPv6, ndo maana chaguo lake la kawaida ni 1420, yaani 1500 kutoa 80. Sasa laini yako ikiwa ni ya PPPoE (njia ya kuingia intaneti inayochukua baiti zake) ile 1500 haipo, ni 1492, kwa hiyo tumia 1412, na kuna laini za simu zinaenda chini ya hapo. Weka MTU kwenye faili pande zote mbili halafu kwenye faiwoli ongeza ile kanuni ya TCPMSS yenye `--clamp-mss-to-pmtu` ili hata kompyuta zisizojua lolote zipunguze ukubwa zenyewe. Mimi siku hizi naiweka toka mwanzo hata kama hakuna dalili.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawajalisikia kabisa: saa. Kila salamu ya kuanzisha mawasiliano inabeba muda ndani yake, na upande wa pili unakumbuka muda wa juu kabisa uliowahi kuuona kutoka kwa ufunguo huo, ikija salamu yenye muda wa nyuma inatupwa, lengo ni mtu asirekodi salamu ya zamani akairudia. Ni ulinzi mzuri. Lakini ukitumia kile kikompyuta kidogo kama Raspberry Pi ya matoleo mengi ambayo haina betri ya saa, umeme ukikatika ukarudi kinaamka na saa ya nyuma, kinatuma salamu, upande wa pili unaitupa, na kama mipangilio yako ya kurekebisha saa inategemea seva iliyo upande wa pili wa tuneli basi mmefungana: saa inasubiri tuneli na tuneli inasubiri saa. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Hakikisha kifaa kinachukua saa moja kwa moja kutoka intaneti ya kawaida, au kiwekee moduli ya saa yenye betri, ni kitu kidogo sana.

Ukimya huo ndo lalamiko langu kubwa kwa WireGuard kwa ujumla. Haina dhana ya "imeunganishwa" au "imekatika", ukiangalia kiolesura cha wg0 kinaonekana kiko juu hata kama upande wa pili umeungua, logi hamna mpaka uziwashe kwa nguvu kwenye keneli. Kwa mtu aliyetoka IPsec na milima yake ya logi mwanzoni anajiona kipofu. Mi nachofanya ni skripti fupi inaping upande wa pili na kuangalia umri wa handshake, maana ukiwa na keepalive salamu inarudiwa kama kila dakika 2, ikishapita dakika 3 bila salamu mpya ujue hapo pamekufa, tuma taarifa.

Kuhusu anwani zinazobadilika. Inatosha upande mmoja uwe na anwani ya umma isiyobadilika, ule mwingine ubadilike utakavyo, kwa sababu WireGuard inamfuata mwenzake popote anapotokea, ikipokea paketi halali kutoka anwani mpya inahamia huko yenyewe bila kukatika. Cha kuzingatia tu ile PersistentKeepalive iwe upande unaobadilika au ulio nyuma ya NAT, ndo huyo anayetakiwa kuwa anabisha hodi kila baada ya sekunde 25. Zikibadilika pande zote mbili ukatumia jina la DNS inayojisasisha, jua kwamba jina linatafutwa mara moja tu wakati wa kuwasha, baadaye anwani ikihama haitafuti tena, kwa hiyo kuna skripti inaitwa `reresolve-dns` inakuja kwenye mifano ya mradi wenyewe, iweke irudie kila nusu dakika hivi.

Ila kama watoa huduma wote wawili wamekuweka nyuma ya NAT yao kubwa, utajua kwa kuangalia anwani ya nje ya rauta ukikuta inaanzia 100.64 mpaka 100.127, basi hakuna upande unaoweza kupokea. Hapo unakodi seva ndogo sana ya mtandaoni yenye anwani ya umma, ofisi zote mbili zinaunga kwake na yeye anapitisha. Inaongeza mzunguko kidogo na seva hiyo inafumbua trafiki kabla ya kuisimba tena, kwa hiyo ichukulie kama sehemu ya ofisi yako, ilinde hivyohivyo. Wasiotaka kuishughulikia wanatumia Tailscale ambayo ndani yake ni WireGuard na ina mbinu za kutoboa NAT, ni nzuri, lakini hapo unamwamini mtu mwingine agawe funguo za wazi, ujue tu.

Kasi sina la kulalamika. Inafanya kazi ndani ya keneli na ChaCha20 haihitaji vifaa maalum vya kusimba kwenye chipu kwa hiyo hata rauta nyonge inajitahidi, wakati OpenVPN ya kawaida inapandisha kila paketi kwenye programu ya juu na kuishusha tena, japo toleo 2.6 la 2023 limeleta njia ya kupitia keneli na limesaidia sana. IPsec kwenye rauta yenye chipu ya AES bado inaweza kuipita WireGuard, hiyo niseme wazi. Kitu ambacho hakuna kati ya hizi itakayokufanyia ni kupunguza umbali. Programu ya hesabu inayofungua faili lake moja kwa moja kwenye seva ya mafaili ya ofisi ya pili itakuwa nzito, kwa sababu inauliza na kujibiwa mara elfu kufungua dirisha moja, na kila swali linasafiri kwenda na kurudi. Watu wanailaumu VPN bure. Waache waingie kwenye kompyuta ya kule kwa mbali kupitia tuneli, programu ikae karibu na faili lake.

Usalama upande wa ndani ndo wengi wanaishia njiani. Tuneli ikishawaka furaha inakuwa kubwa na kila kitu cha A kinaona kila kitu cha B, sasa siku kompyuta moja ya mapokezi ikipata virusi vya kufunga mafaili, hiyo tuneli salama inavibeba salama mpaka ofisi ya pili. Weka kanuni kwenye faiwoli kwa paketi zinazoingia kupitia wg0: seva hii poti hizi, printa ile, simu za mezani, vingine kataa. Pia elewa kwamba WireGuard haina watumiaji wala pasiwedi, mwenye ufunguo ndo mwenyewe, kwa hiyo kiboksi kikiibiwa unafuta hiyo sehemu ya Peer upande wa pili saa hiyohiyo, usisubiri ripoti iandikwe. Faili la mipangilio liwe linasomwa na root peke yake, na ukifanya nakala rudufu ya kifaa kumbuka ufunguo wa siri umo humo.

Wapi nisingeitumia? Kama kanuni za kazi yenu zinadai usimbaji uliothibitishwa kwa FIPS (viwango vya serikali ya Marekani), ChaCha20 haimo, nenda IPsec. Kama mtandao unaopitia unazuia UDP, WireGuard haina TCP kabisa na haina mpango nayo, hapo OpenVPN juu ya TCP 443 (poti ya tovuti za HTTPS) itapita japo kwa kuchechemea. Na kama upande wa pili ni kampuni nyingine yenye rauta yao inayojua IPsec tu na mafundi wao hawataki kuguswa, basi kaa nao muandike IKEv2, AES-256, kundi la 14 au lenye nguvu zaidi, muda wa kuisha kila awamu, yote kwenye karatasi moja inayofanana kabla ya mtu yeyote kugusa kibodi. PPTP, VPN ya zamani, mtu akikuletea mwaka huu kataa tu, njia yake ya kuthibitisha ilishavunjwa hadharani toka 2012.

Vifaa: mifumo ya rauta kama OpenWrt, OPNsense, pfSense inaikubali, MikroTik kuanzia RouterOS 7. Kama rauta yako haimo, kompyuta yoyote kuukuu yenye Linux na kadi moja ya mtandao inatosha, ile njia ya kurudi tu usiisahau.